Pilipili Juu ya Paneli

Bi Mallye alipoamka alikwenda moja kwa moja kuzinusa pilipili zake, akakuta harufu imeanza kugeuka. Mvua za kimbunga zilimlazimisha azivune kwa pupa kabla hazijaozea shambani, na tangu hapo zilikuwa zimelala sebuleni kwenye magunia, zikitoka jasho. Leo ndiyo kulikuwa kumekucha kweupe. Zisipopata jua leo, basi tena.

Aliyapakia magunia kwenye kigari cha mtoto, kama vile wanavyovisukuma vikongwe wote wa kijiji badala ya kutembelea fimbo, akateremka nacho hadi ukumbini. Nyumba yake imekaa kivulini mwa mlima, na kandokando ya barabara malori hayamhurumii mtu, sembuse pilipili. Miaka yote walianika kwenye uwanja wa ukumbi wa kijiji, yeye na Bi Jeomnye, mikeka yao ikigusana. Walizigeuza, wakasengenya, wakazigeuza tena, mpaka ukizitikisa unasikia mbegu zinacheza ndani.

Sasa Jeomnye alikuwa mjini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na chakula alikuwa amekikataa. Bi Mallye alipokwenda kumwona, mwenzake alimshika kidole akamwambia kwamba kitu pekee anachokitamani ni kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili za juani, si hizi za mashine zinazonuka kama dawa. Bi Mallye akaahidi. Kwa jinsi alivyomkuta amekonda, alijua ahadi ile haiwezi kungoja mavuno mengine.

Lakini uwanja wenyewe ulikuwa umefunikwa. Wilaya ilibomoa ukumbi wa zamani ikajenga mwingine, wenye kuta nene, madirisha ya vioo vitatu vitatu, sakafu inayopashwa moto kwa umeme wa jua, na paa la paneli lililotandazwa mpaka mwisho wa uwanja ili wanakijiji wapumzike kivulini. Kwenye mkutano wa kuupitisha mpango huo, Bi Mallye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliwafikiria wenzake wanaolala na makoti majira ya baridi. Hakuna aliyemwambia kwamba jua litaondoka uwanjani, naye hakuuliza. Nani huuliza kama jua litabaki?

Siku hiyo wageni wa mkoa walikuwa wanakuja kuukagua ukumbi, wakiuona unafaa waupe tuzo. Akina mama waliambiwa wafike mapema, wavae fulana za kijani, wakae ndani wapige soga. Siku nyingine mlango hufungwa, na anayetaka kuingia huomba nafasi kwa simu ya kisasa, ambayo wengi wao hawana.

Bi Mallye alisimama na magunia yake kwenye kile kivuli kizuri, akatafuta jua. Akaliona upande wa kusini, ambako safu moja ya paneli ilishuka chini, usawa wa kiuno, imelalia ukuta. Akagusa. Kioo kilikuwa cha moto, kisafi, kimeinamia jua sawasawa. Akasema moyoni kwamba angalau kuna mtu aliyewakumbuka wenye kuanika. Alikipangusa kwa sketi yake, akazipanga pilipili mstari kwa mstari, vikonyo vikitazama upande mmoja, mpaka safu nzima ikawa nyekundu. Alifurahi jinsi ambavyo hakuwa amefurahi tangu Jeomnye achukuliwe.

Ndani, Bwana Cheon, kijana wa ofisi ya wilaya mwenye kazi ya mkataba, alikuwa anawaonyesha wageni skrini pale mlangoni, inayohesabu umeme unaotoka kwenye paneli. Aliwaeleza kwamba nyumba hii haipotezi kitu, hata taa hujizima zenyewe chumba kikiwa hakina mtu. Bi Sundeok, mwenye mdomo usiolala, alimnong'oneza jirani yake.

"Sisi hutuzimia tukiwemo. Ukikaa umetulia kidogo tu, inakuhesabu marehemu. Inabidi uipungie mkono."

Waliokuwa karibu wakacheka chini chini. Wageni hawakusikia, kwa kuwa walikuwa wanaitazama skrini, ambapo umeme ulikuwa unashuka na nje jua linawaka. Mmoja akauliza kulikoni. Bwana Cheon akatoka mbio.

Alimkuta Bi Mallye anazigeuza pilipili.

"Bibi, unafanya nini?"

"Naanika, mwanangu. Njoo uguse, moto kweli."

"Hapa si pa kuanikia. Hii ni mitambo, bibi. Wageni wako ndani. Ondoa sasa hivi, tafadhali."

"Nipe mpaka jioni tu. Kuna mgonjwa anazingoja."

"Zipeleke ushirika, kuna mashine ya umeme ya kukaushia."

Bi Mallye alimtazama kijana yule, akaona jasho linamtoka, akamwonea huruma kidogo. Hata hivyo alisema.

"Jua lilikuwa uwanjani, bure. Mmelichukua mkalitia kwenye waya. Sasa unanituma nikalifuate kwenye mashine?"

Bwana Cheon hakuwa na muda. Akachukua ufagio. Hakufagia kwa ubaya, na alisema samahani kila alipovuta, lakini pilipili ziliporomoka mtaroni, kwenye maji ya matope ya mvua ya jana. Umeme kwenye skrini ukapanda. Wageni wakapiga makofi.

Kisha wakataka picha na wanakijiji. Bi Mallye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote, aliwekwa katikati, akavalishwa fulana ya kijani, akaambiwa atabasamu. Alificha mikono mgongoni maana ilikuwa na tope.

Jua lilipokuwa linazama wote walikuwa wameondoka. Bi Mallye alikuwa ameziokota pilipili mtaroni, akaziosha, akaingia nazo ukumbini kabla mlango haujafungwa. Alitandika magazeti sakafuni, kama mama yake alivyofanya vuli za mvua, akazimwaga. Sakafu ilikuwa na joto la kuwapokelea wageni. Akaketi, akaanza kuchambua. Nyingi zilikuwa zimelainika, ukibonyeza zinatoa maji.

Baada ya muda aliweka kiganja chini akahisi joto linapungua. Bwana Cheon alikuwa amewaambia wageni kwamba moto wa sakafu huzimwa kutoka wilayani shughuli ikiisha, hakuna haja ya mtu kuja. Sakafu ikapoa mpaka ikawa baridi kama jiwe.

Aliendelea kukaa, ameshika pilipili moja iliyobaki nzima, hajui atampelekeaje Jeomnye hiyo moja tu. Alitulia hivyo muda mrefu. Ndipo taa zikajizima.

Bi Mallye hakuzipungia mkono. Alivuta gunia karibu, akaendelea kuchambua gizani kwa vidole.