Lavenda Hali Peke Yake

Farasi Lavenda alipitisha mdomo kwenye kidirisha, akanusa koti la Ambrose Thackray, kisha akaanza kutafuna nyasi zake. Ambrose naye akauma mkate. Behewa la farasi lilikuwa bado limesimama pembeni mwa stesheni ya Malton, likingoja kuungwa nyuma ya treni ya abiria. Upande mmoja farasi, upande wa pili kijumba cha mtunzaji chenye benchi moja, na katikati yao kile kidirisha. Kwa miaka mingi walizunguka Uingereza namna hiyo, toka uwanja huu wa mbio hadi ule, wakila pamoja. Leo Lavenda alikuwa anakwenda Newmarket kwa tajiri mpya, na Ambrose alikuwa anabaki.

Jambo moja hakuwa amemwambia mtu. Farasi huyu ndani ya treni hali peke yake. Akikosa wa kutafuna karibu naye, hatagusa hata unyasi. Atapiga mbao mateke mpaka achubuke, na atashuka amenywea kama gunia tupu. Na tajiri mpya alikuwa amepatana na Kapteni Metcalfe, mwenye banda, kwamba farasi akifika hajiwezi, atarudishwa. Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Nyamaza tu, moyo ulimwambia Ambrose. Nyamaza, na kabla ya Jumapili utamwona tena. Hakuwa na mke wala mtoto, na chumba chake juu ya banda kilikuwa na kiti kimoja. Nani angemlaumu?

"Wewe ndiye kijana wa Lavenda?" sauti iliuliza mlangoni.

Ambrose alikuwa na mvi kichwa kizima, lakini kwenye mabanda ya mbio mtunzaji huitwa kijana mpaka siku anayozikwa.

"Ndiye mimi. Na wewe?"

"Fintan Quirke, kijana wa Newmarket. Nimetumwa kumchukua." Alikuwa Mwairishi wa makamo, uso mwekundu kwa baridi. Alichungulia kidirishani. "Lo, kaumbika huyu! Ana mambo yoyote, kaka? Anauma?"

"Hana neno."

"Jike lisilo na neno? Acha utani! Mke wangu akisikia ataona wivu." Fintan alicheka peke yake. "Basi vizuri. Treni ikija nitahamia mbele kwenye watu. Mimi bwana, kula peke yangu siwezi. Chakula hakishuki."

Ambrose alikuwa ameweka mkate chini. Ng'ambo ya kidirisha Lavenda naye alikuwa ameacha kutafuna, anamtazama, unyasi mmoja umening'inia mdomoni. Kabla ya Jumapili angemwona, ndiyo. Angemwona mbavu nje na miguu ina vidonda, na aliyemtia vidonda hivyo ni yeye. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Usihame," alisema.

"Kwa nini?"

"Kaa hapa, ule naye. Hali peke yake huyu. Ukimwacha hatafika mzima."

"Si umesema hana neno?"

"Nilikudanganya."

Utani ulimwisha Fintan. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia. "Ungenyamaza wangekurudishia, kaka."

"Najua."

"Pole sana."

 Fintan alifungua kifurushi chake, akatoa mkate wa nyama, akasogea karibu na kidirisha.

Treni ilikuja, behewa likaungwa. Ambrose alishuka, akasimama kwenye jukwaa. Filimbi ilipolia alijikuta anaomba, mtu mzima na mvi zake, Lavenda amlilie japo mara moja, asikie tu. Behewa lilipita mbele yake polepole. Kwenye kioo aliona shavu la Fintan limetuna kwa tonge, na nyuma yake kichwa cha Lavenda kimeinama.

Hakulia. Alikuwa anakula.