Mlango wa Upande wa Kusini

Upepo wa Ghuba ulipoanza kuvuma, mlango nao ukaanza kutikisika, na Elmire Trahan akakishika kikombe chake cha kahawa kwa mikono miwili. Mlango wenyewe haukuwepo. Kimbunga Verna kiliubeba pamoja na karakana nzima miaka mitatu iliyopita, kikamuua mumewe Nolton aliyekuwa ndani. Pale Anse Brochet, kijiji chao cha pwani, ilibaki sakafu ya zege tu, na bolti zilizopinda pembeni. Hata hivyo bati liligonga, tena karibu kabisa, likanyamaza, kisha ukasikika mngurumo wa lori linalosukuma kitu kisichosogea.

"Mnasikia?" aliuliza.

"Nini tena, Mama?" Mwanawe Elray hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia ramani ya karakana mpya, ameitandaza juu ya meza ya kukunja katikati ya sakafu.

Mtu wa tatu alikuwa mkandarasi Curley Abshire. Nusu ya majengo ya chuma ya pwani ile aliyasimamisha yeye, na nusu ya hayo akayasimamisha mara mbili. Macho yake yalikuwa kwenye michirizi miwili ya maji sakafuni, mipana kama matairi, iliyoanzia ulipokuwa mlango na kurudi ndani futi kama ishirini. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Curley alisogeza kiti chake kwa adabu, kama anayempisha mtu.

"Tumalize, Bi Elmire," alisema. "Bei ya chuma naishikilia mpaka leo jioni. Kesho sijui. Na msimu wa vimbunga ukianza Juni nguzo hazijasimama, msinitafute."

"Tumemaliza," Elray alisema. "Nguzo za kuhimili upepo, sawa. Bolti mpya, sawa. Bati..."

"Bati ulilochagua ni la kufungia mkate, kijana wangu. Nimekupandishia unene."

"Umepandisha na bei."

"Bei hupanda yenyewe, mimi naisindikiza tu."

Elray alicheka. Elmire hakuweza. Fedha za bima zilikuwa kiasi kile kile, na Elray alikuwa amezibana mpaka senti ya mwisho, kwa sababu alitaka jengo refu la kuingiza boti mbili za kuvulia kamba kwa pamoja. Elmire aliivuta ramani, akakitafuta kile alichokuwa akikiogopa tangu asubuhi. Alikikuta upande wa kusini. Mlango wa kawaida wa shata, wa bati linalojikunja juu, dola elfu tano. Ule uliopimwa kwa upepo wa kimbunga, wa elfu kumi na nne, ulikuwa umefutwa kwa mstari. Na nyuma ya mlango, kwa penseli, Elray alikuwa amechora kisanduku na kuandika: Lori.

Watu wa pwani ile hawaoni ajabu hapo. Kimbunga kikikaribia, mtu huingiza lori ndani, akaligusisha pua kwenye mlango wa shata, akatia gia nzito na kuliegemeza. Mababa wamefanya hivyo, wana wanafanya, na akitokea mgeni wa kuwauliza wana akili gani, wanamcheka. Shida ni kwamba lori halijui mlango unapobonyea. Lazima awepo mtu ndani yake wa kukanyaga mafuta.

"Nani atakaa kwenye hili lori?" Elmire aliuliza.

"Mimi. Nani mwingine?"

"Kama baba yako."

Uso wa Elray ukakunjamana. "Usinifananishe na yule. Mimi najua saa ya kutoka. Baba alikuwa mbishi na bahili. Alibana gharama ya mlango, ukamuua. Watu wazima wanalia makaburini kwa ajili ya mtu aliyejiua kwa ubahili! Mimi kaburini kwake sijakwenda na siendi."

"Na wewe mbona umeubana huo huo?" Curley aliuliza taratibu. "Nimekwambia mara ngapi? Mlango ukiachia, upepo unaingia, unalisukuma paa kutoka ndani. Hapo nguzo zangu zote ni mapambo."

"Nina futi ishirini na tano za nyongeza za kulipia, Curley. Kitu lazima kitoke."

Bati likagonga tena, sasa kwa nguvu, na mngurumo ukapanda. Elmire aliona maji yakichuruzika kwenye ile michirizi, mapya, yakimeta juani. Woga ulimshika, lakini haukuwa woga wa marehemu. Akilini alimwona mwanawe ameketi pale pale, mikono kwenye usukani, akihesabu dakika za kutoka ambazo hatazipata. Miaka mitatu alikuwa amejikaza kisabuni. Siku hiyo hakuweza tena.

"Baba yako hakuubana mlango," alisema. "Mimi ndiye niliyeubana."

"Acha, Mama. Humsaidii kwa kumsingizia wema."

"Nisikilize! Makadirio ya karakana ile aliyaandika yeye. Mlango wa kimbunga aliuweka wa kwanza kabisa, kabla hata ya paa. Akanipa nipeleke kiwandani. Nikaufuta kwa mstari mezani kwangu, nikaagiza wa kawaida, na fedha iliyobaki nikaongezea urefu wa jengo. Nilitaka boti mbili ziingie kwa pamoja. Nilitaka watu waone."

Curley alishusha macho. Elray alibaki na penseli hewani.

"Alijua?"

"Alijua siku walipoufunga. Aliubonyeza kwa kidole gumba tu, ukaingia ndani. Akanitazama, wala hakunigombeza. Akasema, basi nitaweka lori. Na watu walipoanza kumwita bahili, akawaacha." Alikisukuma kikombe pembeni. "Asubuhi ya Verna nilimsihi tuondoke. Akasema, nenda mjini Lafayette, ukae kwa dada yako, kosa letu nitalishika mimi. Alisema letu, Elray. Lilikuwa langu."

Elray alisimama, akaizunguka meza mara moja, akarudi.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu unanisikia nikimtukana mezani kwako, unanipakulia mchuzi wa gambo."

"Ndiyo."

"Unaniongezea na wali!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite hivyo leo." Aliichukua ramani, akazifuta kwa mstari zile futi ishirini na tano, akafuta kile kisanduku kwa kidole mpaka karatasi ikachanika. "Curley, boti moja inatosha. Andika mlango wa kimbunga. Fedha utaiona jioni."

"Nimeandika," Curley alisema kwa sauti ndogo.

Elray aliondoka. Gari lake lilikuwa upande wa barabara, lakini alielekea kusini, kwenye michirizi ya maji. Alisimama pale ambapo dirisha la dereva lingekuwa. Mngurumo ulikuwa umepanda mno, na safari hii Elmire hakuhitaji kuuliza nani anausikia, maana Curley alikuwa amevua kofia. Elray aliinua ngumi, akagonga hewani mara mbili, kama mtu anayegonga kioo.

"Baba," alisema, "ni mimi, Elray. Zima gari, ushuke. Inatosha."

Alisubiri, mkono wake bado juu. Mngurumo ulishuka kidogo kidogo, ukakohoa, ukazima. Upepo uliendelea kuvuma, na hakuna bati lililogonga. Elray alirudi nyuma hatua moja, kumpa mtu nafasi ya kufungua mlango wa lori, kisha akatembea polepole kuelekea barabarani, akiacha upana wa mtu mmoja kando yake. Elmire alisimama akimngoja ageuke. Elray alipita karibu na meza, akamwambia baba yake kitu kwa sauti ya chini, wala hakumtazama mama yake.