Mzunguko wa Kwanza wa Norman Sugden

Niseme mapema kwamba Clive Hepworth nilikuwa simpendi hata kabla ya siku ile, asije mtu akaniambia nimeficha. Lakini kutompenda mtu ni jambo moja. Alichokifanya Jumamosi ile ya Juni, mbele ya wageni wapatao arobaini, ni jambo jingine kabisa, na mpaka leo nikikumbuka naweka kikombe chini.

Klabu yetu ya treni ndogo iko Yorkshire, Uingereza, katika bustani iliyo nyuma ya kanisa la mawe lisilosaliwa tena. Reli inazunguka bustani nzima juu ya nguzo za mbao, kimo cha kiuno, kwa sababu wengi wetu migongo haikubali kuinama. Upana wake ni vidole vitatu. Injini zinazopita juu yake unazibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, lakini ni za mvuke wa kweli: boila ya shaba, maji ndani, moto wa spiriti chini. Mimi nimelisha makaa boila za meli na za viwanda katika nchi nne kabla magoti hayajanitua hapa, na nakwambia, moto ni ule ule na maji ni yale yale. Ukiziita midoli mbele ya Maureen Tordoff, katibu wetu, chai ya siku hiyo huinywi.

Norman Sugden alikuwa fundi wa mashine za kufumia sufu. Ana miaka themanini na mbili na mikono yake inatetemeka. Miaka kumi na mmoja alijifungia katika chumba cha nyuma akijenga injini moja, kila parafujo kaichonga mwenyewe, mpaka ikasimama mezani, ya kijani, inang'aa. Boila ikapimwa kwa shinikizo, ikapita. Ikabaki mzunguko wa kwanza tu.

Hapa kwetu mzunguko wa kwanza una adabu zake. Injini nyingine zote zinaondolewa relini. Aliyeijenga anavaa tai, anawasha moto mwenyewe, anafungua mvuke mwenyewe. Injini inaondoka kwenye meza ya kuwashia, inazunguka, inarudi pale pale mezani. Muda huo wote sisi tunasimama kofia mkononi na hakuna anayetia neno. Si sheria iliyoandikwa. Waliokuwa hapa kabla yetu walifanya hivyo, nasi tunafanya.

Norman alichagua Jumamosi ile saa nne asubuhi, na sote tulijua. Kumbe Clive, ambaye ni mwenyekiti, alikuwa ameshamwalika meya wa mji saa nne hiyo hiyo, na ameshamwahidi kumwonyesha injini mpya.

Nilimkuta Norman mezani, tai ya bluu shingoni, chupa ya spiriti mkononi. Clive kasimama mbele yake na ile kofia yake ya udereva yenye beji tatu.

"Mzee wangu, leo kaa kiti pale upumzike," akamwambia. "Nitakuendeshea mimi."

"Kuniendeshea nini?" Norman akauliza.

"Injini. Mikono yako hiyo, mzee. Kuna watoto, kuna mpiga picha. Bima ikiniuliza nitasema nini?"

Nikaingilia. "Clive, hivi wewe una akili timamu? Injini hii haina usukani! Unafungua mvuke, unaiacha, inakwenda yenyewe. Mikono inahusikaje?"

"Sudi, wewe nenda getini ukampokee meya."

"Meya ana miguu."

"Naomba tusigombane mbele ya wageni," akasema, sauti imeshuka, uso umepanda rangi.

Norman akatutazama sote wawili. Huyu mzee hajui kugombana, na hapo ndipo watu kama Clive wanapopatia nafasi. Akaiweka chupa mezani taratibu, akaenda kukaa kwenye kiti cha turubai. Tai hakuivua. Nami nikaenda getini, na kwenda kwangu huko sijajisamehe.

Meya alichelewa dakika arobaini. Nilichokosa nilikuja kuelezwa na Maureen, aliyekuwa mezani akikata keki ya tangawizi. Clive aliwasha moto saa nne kamili. Mvuke ukapanda, meya hayupo, vali ya usalama ikaanza kufoka. Ikafoka, ikafoka. Sasa, kila ukiona mvuke unatoka pale juu, hayo ni maji ya boila yanakwenda zake. Moto nao ukala spiriti mpaka ukafa.

Injini hizi tangi la spiriti hufanywa dogo kwa makusudi, ili moto ufe kabla maji hayajaisha. Kwa hiyo moto ukishakufa, unatia maji kwanza, ndipo unatia spiriti. Mgeni wa wiki moja anajua. Clive, mwenyekiti wa miaka sita, akachukua chupa ya spiriti akajaza, akawasha tena.

Norman akamwita kutoka kitini. "Clive. Maji."

"Tulia, mzee. Mambo yote ninayo mimi."

"Kijana, boila yangu inataka maji."

"Jamani, mletee mzee chai."

Hivyo ndivyo alivyosema. Mtu kaijua ile boila miaka kumi na mmoja, anaambiwa aletewe chai!

Ndipo meya akaingia, mimi nyuma yake, mpiga picha pembeni. Clive akafungua mvuke. Injini ikaondoka vizuri, nisiseme uongo, inahema sawasawa, magurudumu yanameta. Wageni wakapiga makofi. Lakini niliangalia wanachama wenzangu, watu kumi na wanne, na kila kofia ilikuwa kichwani. Hakuna aliyekuwa amepanga na mwenzake. Maureen alikuwa hana kofia. Akachukua kitambaa cha vyombo akajifunika kichwa, akakunja mikono.

Ikapita bwawani. Ikapita kwenye handaki. Ilipofika kwenye daraja ule mhemo ukawa mwembamba, ukakatika, injini ikasimama katikati ya daraja. Moto ukawa bado unawaka chini yake, na mwali wa spiriti juani huuoni. Tukasikia harufu ya rangi inayoungua. Norman alikuwa ameshasimama, anakuja na taulo lililolowa, mbio alizoweza. Nilimpokonya njiani nikalitupa juu ya moto. Tulipoifunua, upande mzima wa kijani ulikuwa umefura malengelenge meusi, na lehemu ya viungo vya chini imeyeyuka imedondoka kwenye mbao kama machozi ya mshumaa.

"Maji ulitia?" nikamuuliza Clive.

"Spiriti nilijaza yote," akajibu.

"Nimekuuliza maji!"

Akageuka kumwambia meya kwamba injini mpya huwa na kasoro ndogo ndogo.

Norman akaichukua injini yake. Aliifunga kwenye blanketi lake akaenda nayo nyumbani.

Ingeishia hapo ningeshasahau kiasi. Wiki mbili baadaye barua ikaja kwa wanachama wote. "Kutokana na hitilafu ya injini ya Bwana Sugden," ilisema, na kwamba kamati inapendekeza wenye zaidi ya miaka sabini na tano wasiendeshe mbele ya wageni. Sahihi, C. Hepworth. Niliisoma nimesimama barazani, nikaisoma tena, kisha nikatembea nayo kwa miguu maili mbili mpaka kwa Maureen bila koti.

"Kamati gani hii?" nikamuuliza. "Wewe si katibu?"

"Naiona leo, kama wewe," akasema. Akaitisha mkutano Alhamisi.

Tulikaa katika kibanda cha klabu, mvua inapiga bati. Nilisema yote: chupa, vali, chai. Nilimwita Clive mwizi wa mzunguko wa mtu. Clive akasema nina jazba, na kwamba yaliyopita yamepita.

"Na isitoshe," akaongeza, "huo mzunguko wa kwanza umeshafanyika. Hauwezi kufanyika mara mbili. Sasa tunabishania nini?"

Na kwa kweli hilo ndilo lililokuwa linatuuma.

Norman akainua mkono, unatetemeka, kama mwanafunzi.

"Samahani, mwenyekiti. Mzunguko unaanzia wapi?"

"Mezani."

"Na unaishia wapi?"

Clive akaanza kuikunja barua yake.

"Mezani," Maureen akamjibia. "Na wewe, mwenyekiti wangu, uliishia darajani."

Watu walicheka mpaka mwingine akakohoa. Barua ikapigiwa kura ikafutwa. Clive peke yake alinyoosha mkono kuitetea. Uenyekiti hakuuachia, na hatukuwa na mwingine aliyeutaka.

Norman alilehemu upya majira yote ya baridi. Nilikuwa nakwenda kumshikia tochi, basi, kazi yote kafanya yeye. Mwezi wa Aprili, asubuhi yenye baridi kali, bila meya, alivaa tai ile ile. Akajaza maji. Akajaza spiriti, nyingine ikamwagika mezani kwa kutetemeka. Akafuta, akasubiri pakauke, akawasha. Kufungua mvuke alitumia mikono miwili na akaungua kidole. Tukatoa kofia.

Clive alikuwa mwisho wa mstari. Injini ikapita bwawani, ikapita kwenye handaki, na yeye kofia bado kichwani na beji zake tatu. Ilipopanda darajani tuligeuka sote tukamtazama yeye, si injini. Akaivua.

Injini ikavuka, ikarudi mezani, Norman akaufunga mvuke.

"Haya," akasema, ananyonya kidole, "nani ana chai?"

Clive akasogea kumpa mkono. Norman akampa. Mimi sijampa mpaka leo.