Diski Mapajani mwa Mama Mkwe

“Huyu aliye chini ya meza ndiye yule uliyeniambia?”

Sauti niliisikia kabla sijauona uso. Nilichokiona ni viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vikawaka, vimesimama karibu na pua yangu, na nyuma yake viatu vya mwanawe, vyenye vumbi, vikihamahama kama vinatafuta pa kukimbilia. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi ndani ya gauni jipya, bisibisi nimeiuma kwa meno, nikifuata waya uliopotelea ukutani.

“Ndiye, mama,” akasema mwanawe.

“Shikamoo mama,” nikasema, bisibisi ikiwa bado mdomoni. Ilitoka kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

“Marahaba,” akajibu.

Hatukupanga hivyo, jamani. Tulipanga niende nyumbani kwao nimetulia, nimesuka, nimeshajizoeza hata namna ya kucheka bila kuanika meno yote. Kijana wake alikuwa ameniambia waziwazi: baba alishafariki, mama ndiye aliyebaki, na yeye hataoa mtu ambaye mama yake hajamkubali. Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananieleza alivyo, na mimi nilikuwa nampenda hadi nimekuwa mjinga. Kwa hiyo siku ile nilikwenda nikijua kwamba neno la yule mama ndilo litakalotuoza au kututenganisha.

Lakini tulipopita dukani kwao kumchukua mama, tukakuta seva imekufa.

Duka lao lilikuwa la miwani. Marehemu baba mkwe ndiye aliyekuwa mpima macho, na mama mkwe ndiye aliyekata lenzi, huko chumba cha nyuma, kwenye mashine yenye kelele za maji na kioo. Vipimo vyote alivyopima marehemu vilikaa ndani ya seva moja nene, nyeusi, iliyosimama sakafuni ubavuni mwa kiti cha mama. Mashine ya kukatia ilisoma vipimo kutoka humo. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na seva ikaamka na mstari mmoja mweupe kwenye skrini nyeusi, ikagoma hapo hapo. Bila hiyo, lenzi haikatwi. Mwanawe, kwa kiherehere cha mapenzi, akamwambia mhudumu, “Huyu ni fundi wa kompyuta, ataiweka sawa sasa hivi.” Ndipo nikajikuta chini ya meza kabla mama hajatoka chumba cha nyuma.

Nikajitoa, nikakung'uta magoti. Alikuwa mama mfupi, aliyejaa, miwani yake mwenyewe ameiteremsha hadi ncha ya pua ili anitazame kwa juu.

“Hii mashine aliifunga mume wangu,” akasema. “Tangu aondoke hakuna aliyeigusa. Wanakuja mafundi, nawafukuza.”

“Mfumo wake ndio ulioharibika, mama. Itabidi niuweke upya kutoka kwenye flashi.”

“Kuuweka upya ni kufuta?”

“Kufuta mfumo. Vipimo viko kwenye diski nyingine.”

“Na ukikosea diski?”

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, ingawa wakati ule niliona ni woga tu. Wenye maduka hawaulizi swali lile. Husema “fanya haraka” halafu wanakwenda kunywa chai. Na lilikuwa ndilo swali lenyewe, maana ule mfumo unapoanza kujipandisha hukuonyesha diski zilizomo, zimeandikwa kwa majina yanayofanana kama watoto pacha, kisha unakuuliza nifute ipi. Ukishajibu, umejibu. Mwalimu aliyenifundisha kazi alikuwa na dawa moja tu ya jambo hilo: usijitie ujasiri, unachokipenda kitoe kwanza.

Nikazima seva, nikavuta trei ya pili, nikaitoa diski ya vipimo. Nikamwekea mkononi kwa mikono miwili.

“Nishike mimi?”

“Ndiyo, mama. Ikiwa kwako, hata nikikosea vipi sitaifikia.”

Akaitazama ile diski. Ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani, nafikiri, kwa kazi yote ya mtu mmoja. Akatwaa kitambaa kile laini cha kufutia miwani, akaifunga, akaketi kwenye kiti chake, akaipakata. Kisha akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa anazungukazunguka akitukanyaga.

“Na wewe, nenda kachukue fremu zetu kwenye duka la jumla. Hapa hutusaidii kitu.”

Akaondoka. Nikabaki peke yangu na mama mkwe asiyekuwa bado mama mkwe. Nilitamani nimfuate.

Nikachomeka flashi. Tundu lake lilikuwa usoni pa seva, na uso wa seva ulitazama kiti cha mama, kwa hiyo mimi niliyekaa upande wa pili, mbele ya skrini, nililipapasa tu kwa mkono. Seva ilipoanza kuwaka nikabonyeza kitufe cha kuiambia kila inapoamka itazame flashi kwanza kabla ya kitu kingine. Feni zikalia. Mfumo ukaniuliza lugha, ukaniuliza saa za mahali, ukaniuliza diski. Sasa ilikuwepo moja tu, ikafutwa bila wasiwasi wowote. Ilipofika zamu ya nenosiri nikampisha mama kwenye kibodi.

“Tazama ukutani,” akaniambia.

Nikatazama ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Aliandika polepole, kidole kimoja kimoja.

Mwishowe skrini ikasema: ondoa flashi, kisha bonyeza kitufe. Nikapapasa, nikaichomoa, nikaiweka juu ya mgongo wa seva, nikabonyeza. Seva, kama mnavyojua, si simu. Huchukua muda wake kujikagua kabla ya kuamka, kama mzee anayetafuta viatu. Nikaenda bombani kunawa vumbi na kujipanga sura. Nikajitazama kwenye kioo cha wateja, nikajiambia, umeweza, dada, sasa umebakiza kucheka vizuri.

Niliporudi, skrini ilikuwa inaniuliza lugha.

Nikahisi masikio yanapata moto. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza: kama flashi umeichomoa, huyu anayekuuliza lugha anatoka wapi? Lakini mimi sikuwa na akili timamu siku ile, nilikuwa na mama mkwe. Nikaamua kwamba diski haikuushika mfumo, basi. Nikaanza tena, lugha, saa, diski.

“Si ulishafika hapo?” akauliza.

“Nahakikisha, mama.”

“Aha.”

Ile “aha” ilinichoma. Nikaanza kuona yote yanavyokwisha: diski mbovu, duka limefungwa, mwanawe anarudi na sanduku la fremu, mama anamwambia kwa upole kwamba msichana ni mzuri lakini. Niliwahi kukaa ndani ya hiyo “lakini” kwa watu wengine. Sikutaka kuisikia kwake, maana wakati huo nilishaanza kuona jinsi alivyokuwa anaipakata ile diski, na kila gari lilipopita kwa kishindo barabarani aliifunika kwa kiganja.

Mara hii hakuniambia nitazame ukutani. Aliandika nenosiri lake akiwa amechoka, nami nikatazama ukutani mwenyewe.

Skrini ikasema tena: ondoa flashi. Nikapapasa, nikaishika, nikaivuta.

Nikaganda nayo mkononi. Hii si nilikwisha kuichomoa?

Nikainua macho. Mama alikuwa ametulia kwenye kiti chake, uso safi kabisa, anatazama mlango. Nikaiweka flashi palepale juu ya mgongo wa seva, nikabonyeza kitufe, nikasema nakwenda kunawa. Nikafika mlango wa chumba cha nyuma, nikageuka, nikachungulia.

Seva ilikuwa inajikagua. Mama mkwe akaitazama flashi. Akalitazama tundu. Akasonya kidogo, ile ya mtu anayeokota nguo za wenzake. Akaihamishia diski ya mumewe kwenye mkono wa kushoto, akaikumbatia kifuani, akainama kwa shida, akaichukua flashi kwa vidole viwili na kuirudisha ndani, taratibu, mpaka ikakaa.

“Mama, acha!”

Nilipiga kelele. Nakiri, ilikuwa kelele ya kumfukuza kuku. Mhudumu aliyekuwa mbele na wateja akakohoa. Mama akanyanyuka, flashi imebaki tunduni, na tukatazamana. Nikajua nimejimaliza. Ukwe wangu wote umekwenda na maji.

“Tundu lilikuwa wazi,” akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuitarajia. “Na kitu chake kiko hapo juu, kinazubaa. Nikakirudisha.”

Kisha akanionyesha kwa kidevu sanduku lililokuwa wazi kando ya ukuta, lile la lenzi za kupimia. Kila lenzi ndani yake ina nafasi yake. Ukiitoa, ukampimia mtu, unairudisha palepale kabla hujashika nyingine, maana ikikaa pengine mtu wa pili atapewa macho yasiyo yake. Alikuwa amegombana na mumewe juu ya jambo hilo tangu walipooana. Mume huziacha mezani, mama anapita nyuma yake anarudisha. Miaka yote ya ndoa ilikuwa hiyo, mmoja anatoa, mmoja anarudisha.

“Umerudisha mara ya kwanza pia?”

“Nyinyi vijana hamna utaratibu,” akasema.

Nilijaribu kujizuia, wallahi. Lakini kicheko kilinitoka, na si kile nilichojifunza. Nilicheka hadi nikashika ukuta, meno yote nje. Mama akanitazama kwa juu ya miwani, midomo imekaza, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka bila sauti, akiishikilia diski isije ikamponyoka, hadi ikambidi akae.

Mpaka leo anasema nimeitia hadithi hii chumvi. Anasema alirudisha mara moja tu, na kwamba nilimwita kwa adabu. Nikisimulia akiwepo, hunikatiza. Nisiposimulia, huniuliza mbona leo sisimulii.

Basi, nikaichomoa flashi, na safari hii nikaitia mfukoni. Seva ikajikagua, ikanyamaza kidogo, ikaamka yenyewe. Nikaizima kwa utaratibu, nikamnyooshea mikono miwili. Mama alikawia kidogo kuitoa diski. Akaifungua kitambaa, akaipuliza, akanipa. Nikairudisha kwenye trei yake, nikawasha, nikaiunganisha, na majina ya wateja yakateremka kwenye skrini na vipimo vyao, jicho la kulia, jicho la kushoto, kama alivyoyaandika marehemu. Mama akasogea karibu kabisa na kioo. Akasoma kimoja, akasoma kingine. Akagusa skrini kwa ncha ya kidole.

“Yupo,” akasema. Hakusema vipo.

Nikainamisha kichwa nikajifanya nakusanya waya.

“Acha hayo. Njoo ukae hapa.”

Alikuwa ananionyesha kiti cha kupimia. Nikakaa bila kuuliza. Akanivika ile fremu nzito ya chuma puani.

“Mimi si mpimaji,” akasema, “lakini nimeishi na mpimaji. Tangu ulipokaa mbele ya hiyo skrini unaikunjia uso kana kwamba inakudai. Soma pale.”

Nikasoma mstari wa juu. Wa pili nikaubahatisha. Akasonya, akatoa lenzi sandukuni, akaitia, akairudisha, akatoa nyingine. Vidole vyake vilinukia sabuni. Mlango wa mbele ukalia, na mwanawe akaingia na sanduku la fremu kifuani, akasimama, akitutazama mmoja baada ya mwingine, hajui aingie au atoke.

Mama hakugeuka.

“Wewe,” akamwambia, “mkeo haoni mbali. Siku zote hizi hujaliona hilo?”

Alilisema vilevile tu, kama mtu anayeuliza kama chai imechemka. Mwanawe akaliweka sanduku la fremu sakafuni. Mimi ile fremu ilikuwa puani, siwezi kujifuta, na herufi zote pale ukutani zikayeyuka zikawa maji.

“Usilie,” akasema mama, akinishika kidevu kukinyoosha. “Machozi yanaharibu kipimo.”