Joto Lisilo na Baridi

Homa ya Georgette ilikuwa na tabia ya ajabu: ilianza na joto. Yeye alizaliwa Basoko, kando ya mto, na homa za mbu alizijua. Hizo huanza na baridi. Meno yanagongana, unaomba blanketi mchana kweupe, ndipo joto linafuata. Hii ilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni alipokuwa ameketi tu akichambua pondu, yale majani ya muhogo, ikamlowesha kitambaa cha kichwa, kisha ikaondoka kabla maji ya chai hayajachemka. Alimeza kinini. Homa haikujali.

Tena mwezi wake ulikuwa umevurugika. Ulikuja mara mbili kwa kufuatana, kisha ukapotea kabisa. Usingizi nao ulikuwa mwepesi.

Mumewe Lambert, karani wa bandarini hapo Kisangani, alikuwa amekwisha kupata jibu.

"Iko mimba," alisema huku akipiga pasi shati lake la safari. "Bon, Jumapili napanda bato, naenda Yanonge kuambia mama."

"Ngoja kwanza, papa Viviane."

"Kungoja nini? Mutoto wetu iko Viviane peke yake, sasa iko karibu kuolewa. Mama amechoka kuuliza."

Georgette aliijua hatari yake. Kwa wakwe zake, mimba ikishatamkwa mbele ya mama mkwe hairudishwi mdomoni. Tumbo lisipotokea, hawasemi kwamba mume alikosea; wanasema mke amemla mtoto kwa uchawi. Mwanamke mmoja aliyeolewa katika ukoo huo alirudishwa kwao kwa neno hilo hilo.

Akaenda kwa mkunga wa dispensari. Mkunga alimpapasa tumbo kwa utulivu, akasema mimba hakuna. Damu imepotelea wapi kwa mtu wa miaka thelathini na saba, hilo hakulijua.

Kutoka hapo Georgette alivuka mto hadi kwa Hélène, mdogo wa marehemu mama yake, akamkuta akiparua samaki.

"Mama leki, mama yangu alikoma mwezi akiwa na umri gani?"

Hélène alicheka hadi kisu kikamponyoka. "Ee! Mutoto, unatafuta mambo ya bamama bazee? Mimi nilikuwa na makumi tano. Yeye sijui, nilikuwa nimeolewa mbali."

Georgette aliwaza. Kwao, mwanamke anayeona mwezi hagusi nyavu za samaki. Akishakoma ndipo anakaribishwa kuzishona pamoja na wanaume.

"Namkumbuka akishona nyavu," alisema polepole. "Augustin alikuwa pembeni, ana pengo la meno ya mbele."

"Augustin, mudogo wako? Na pengo?" Hélène aliacha samaki. "Pengo ni la miaka saba, na alimuzaa akiwa na makumi tatu; basi mama yako hakufika hata makumi ine! Ndiyo maana! Siku moja nilikuja kusalimia, nikamkuta anajipepea na kifuniko cha chungu, na mvua inanyesha. Tulimucheka sana."

"Alitetemeka kwanza?"

"Kutetemeka gani? Joto tu."

"Kwa hiyo mimi nimekwisha?"

"Sijasema hivyo. Yeye alikaa miaka, mwezi unakuja, mwezi unakwenda. Hata mimba inaweza kuingia bado. Lakini njia ni hiyo."

Jumamosi Georgette alimweleza Lambert yote.

"Alors, nimeoa koko, bibi kizee!" Lambert alicheka. Mkewe hakucheka.

"Ukitamka mimba kule, kesho ni mimi nitaitwa mla watoto. Si wewe."

Lambert alikaa kitako. Alitaka kujibu, lakini Georgette aliinua kidole.

"Inakuja. Leta mukono."

Aliuweka mkono wa mumewe shingoni. Lambert alitoa macho.

"Eh! Inatoka wapi?"

"Hata mimi najiuliza."

Lambert hakuondoa mkono mpaka jasho likapoa.

"Sasa nitamwambia mama nini?"

"Msalimie."

"Safari yote ile, kusalimia tu?"

"Kwani hakukuzaa?"

Jumapili Lambert alipanda boti. Alipofika Yanonge, mama yake alimtazama mikononi, akamtazama usoni, akauliza analeta habari gani. Lambert akasema wote wazima, akamsalimia mara ya pili.