Majina ya Kuombewa

Soksi ya kushoto iligoma kupita kisigino. Makena alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha mzee Anselmo, sikio liko mlangoni. Griffins, mwenye kampuni iliyomtoa Meru kuja kutunza wazee ng'ambo, alikuwa njiani kuja hapo Hounslow, karibu na uwanja wa ndege. Visa ya Makena imeshikwa na kampuni hiyo. Akiachishwa kazi, ni ndege ya kurudi.

"Unaogopa kama baba yangu," mzee alisema.

Baba yake alikuwa wa Umoja wa Wanajamhuri, chama cha watu wapole huko Uhispania, walimu na mawakili waliotaka jamhuri bila damu. Majenerali walipoasi, kiongozi wao aliunda serikali ya upatanisho, akawapigia simu ili waelewane. Serikali hiyo haikumaliza hata siku. Mzee alisimulia kisa hicho kila asubuhi, na kila asubuhi aliishia hapo hapo, kwenye simu, kabla ya jibu.

Makena alikipenda chama hicho. Wenzake walipochoka kufanya kazi wiki nzima bila kupumzika, Elkana alitaka wakamshtaki Griffins serikalini. Makena ndiye aliyewatuliza. Griffins ni Mkenya mwenzetu, alisema, tunasali naye, na maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Jana akampigia simu.

Griffins aliingia akinukia marashi, akamwamkia mzee kwa adabu, akakataa chai.

"Sister, mbona mnateseka kimyakimya na mimi ni ndugu yenu? Ama ni wewe peke yako?"

"Tuko kadhaa, brother. Lakini hakuna mwenye ubaya."

"Basi tusiongee kama watu wa dunia. Tuombe. Wataje mmoja mmoja mbele za Bwana, awaguse."

Hofu ikamtoka Makena kama mzigo kichwani. Nani hukataa kumwombea mwenzake? Akafumba macho. Akamtaja Elkana, na hasira yake ya kutaka kwenda kushtaki. Akamtaja Valentine na mgongo wake mbovu, kisha Justin. Kila jina na shida yake, machozi yakimlengalenga, na Griffins akiitikia, "Yes, Lord."

Baada ya amina alifumbua macho. Simu ilikuwa mkononi mwa Griffins, kidole gumba kikimalizia kuandika.

"Wewe Jumapili pumzika," alisema akifunga koti. "Umefanya vizuri. Hao wengine wataongea na ofisi. Visa si haki ya mtu, sister, ni neema."

Alipotoka, Makena alipiga magoti tena. Akairudia soksi. Bado ilikataa. Ndege ikapita chini sana, vikombe vikatetemeka kabatini, na kabla kelele haijaisha simu yake ikaanza kulia mfukoni. Elkana. Ikakatika. Ikalia tena. Valentine.

Makena hakuigusa. Anselmo alimwinamia, macho yakimng'aa.

"Pokea, mwanangu," alinong'ona. "Labda majenerali wamekubali."