Usikubali Mtu Akushike

Mama yangu alifia Guangzhou, na kila anayenipa pole anamalizia na swali lilelile: kwani walimwibia nini? Nikisikia hivyo damu inanichemka. Hawakumwibia kitu! Mji huu nimeishi miaka minane. Kazi yangu ni kuwazungusha wafanyabiashara wa kwetu maduka ya jumla ya Zhanxi wakanunue viatu na nguo, na sijawahi kuporwa hata kalamu. Wanasema Loyce mkali. Sawa, mimi ni mkali, lakini nisikilizeni kwanza.

Mama alikuja kunitembelea. Hakuja kununua mzigo wala kutibiwa, alikuja kuniona tu, maana kila mwaka nilikuwa naahidi kwenda Kahama na kila mwaka nakwama. Kabla hajapanda ndege, kaka yake, mjomba Thadeo, alimweka kitako akampa mafunzo. Mjomba aliwahi kufika Guangzhou mara moja tu, akasahau simu kwenye teksi, akarudi nyumbani kutangaza kwamba ameibiwa. Tangu hapo ukoo mzima unamwona profesa wa usalama wa nchi za nje. Akamwambia Mama pesa zishonewe kwenye gauni la ndani. Mkoba uvaliwe kifuani, usiachwe hata chooni. Usile cha mtu usiyemjua. Halafu kubwa lao: usikubali mtu akushike, kwa sababu mmoja akikushika, mwenzake yuko nyuma yako anachukua.

Hilo la mwisho Mama alikuwa analijua tangu zamani. Nikiwa darasa la tano, basi alilopanda lilipinduka porini. Watu walitoka mashambani mbio kuja kuokoa, na kweli waliokoa. Aliyemtoa Mama dirishani alimlaza kwenye nyasi taratibu, akamwambia pole mama, pole sana, huku anamvua pete ya ndoa. Kidole kilikuwa kimevimba, akaivuta hivyohivyo mpaka ngozi ikatoka. Mama alikuwa anamtazama usoni. Alitusimulia mara nyingi, na kila mara alisema kilichomuuma si pete, ni ile pole.

Basi akafika, mkoba kifuani kama mtoto mchanga. Nikampokea kwenye chumba changu, ghorofani pale Xiaobei, nikamwambia, "Mama, vua mkoba upumzike." Akaniambia nimwache. Alikula nao, alisali nao, alilala nao ubavuni. Nilimcheka hadi machozi. Asubuhi nilikuwa nampeleka bustanini kuwatazama wazee wa Kichina wanavyocheza ngoma yao ya mazoezi, na yeye anacheka nao, anatikisa mabega, lakini mkono hautoki kwenye mkanda.

Chini ya jengo letu kulikuwa na mama mmoja wa Kichina anauza machungwa. Sote tulimwita Ayi, ndivyo huku wanavyomwita mwanamke mtu mzima, kama sisi tunavyosema shangazi. Ayi alimpenda Mama mara moja. Siku ya kwanza tu alitaka kumshika mkono amwekee chungwa kiganjani. Mama akaruka nyuma utafikiri ameona nyoka.

"Mama jamani! Anakupa zawadi."

"Aweke hapo chini, nitaokota mwenyewe."

"Huku si hivyo, mama. Huku watu hawaporani barabarani."

"Loyce, mwanangu, mtu ni mtu."

Ayi aliliweka chungwa juu ya meza, Mama akalichukua, wakacheka wote wawili. Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi yao, meza iko katikati. Mimi nikaona ni kichekesho, nikaacha.

Siku yenyewe nilikuwa na mgeni, dada mmoja wa Mwanza anaitwa Joyness, safari yake ya kwanza. Nilimwahidi kumpeleka Zhanxi. Nikamwachia Mama wali na samaki, nikamwambia nitarudi mchana. Mchana ukapita, maana Joyness kila bei anataka kulia, na wenye maduka nao kila mara wanatikisa mkono, "mei you, mei you," hakuna, hakuna. Niliporudi jioni jua lingali juu, nikakuta meza ya Ayi haina mtu, machungwa yamefunikwa turubai. Nikashangaa kidogo, nikapita.

Mama alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni. Kilemba amekikaza hadi kwenye nyusi. Mkoba mapajani.

"Umechoka?"

"Nimejikwaa kidogo huko chini. Usianze kelele zako." Halafu akaniuliza, "Yule mgeni wako amepata viatu?"

Nikamwambia amepata. Nikaingia jikoni kuweka chai, akaniuliza tena kama mgeni amepata viatu. Nikamjibu. Akauliza tena, kwa sauti ileile, kama vile hajawahi kuuliza. Nilipogeuka alikuwa anatapika kwenye kanga yake, na mkono mmoja unausogeza mkoba usichafuke.

Nilimpigia simu Khalid. Khalid ni kijana wa Tanga anayesoma udaktari kwa ufadhili, anakaa ghorofa ya juu yangu. Alishuka kwa ngazi mbio, akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Shikamoo bi mkubwa. Umeanguka, au umegongwa?"

Mama alimtazama sana. "Nimegongwa na kipikipiki," akasema. "Hakina hata sauti. Nimeangalia vizuri, kikatokea upande ambao hakitakiwi kutokea."

Tukaelewa. Ni zile pikipiki za umeme za wapeleka chakula, zinapita kimyakimya hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu. Na Mama aliangalia kulia kwanza, kama anavyoangalia Kahama, wakati huku vyombo vinakutokea kushoto. Khalid alitaka kumfungua kilemba amwone kichwa. Mama akamsukuma.

"Dada Loyce," Khalid akaniambia, akasimama. "Hospitali. Sasa hivi, wallahi tusikae."

Mama akakataa. Nasema alikataa! Alishika ukingo wa kitanda. Nikamwambia damu inaweza kuwa inavujia ndani ya kichwa, akasema kichwa ni chake. Nikamwambia hospitali za huku ni nzuri. "Wakishanilaza usingizi, mkoba atashika nani?" akauliza.

"Nitashika mimi, mama."

"Na wewe watakapokusukuma nje?"

"Khalid atashika."

"Khalid namjua leo."

Hapo nikapasuka. Nilimpigia Mama yangu kelele, mimi, mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe kwa uchungu wake. Nikamwambia atakufa kwa ajili ya kitu cha plastiki, nikamwambia yeye na mjomba Thadeo vichwa vyao vimejaa wezi, nikamwambia sitaki kumzika. Neno hilo liliponitoka nikaanza kulia kama mtoto. Mama akanionea huruma. Akanifuta uso kwa kiganja, akasema, "Basi usilie. Twende." Aliinuka mwenyewe, hakutaka tumshike, akaenda hadi kwenye lifti akiegemea ukuta.

Kwenye teksi aliweka kichwa begani kwangu. Barabara ilikuwa imejaa, teksi inasogea na kusimama, inasogea na kusimama, na mimi namwomba dereva kwa Kichina chote ninachokijua. Mama akaanza kuongea Kisukuma peke yake. Alikuwa anamwita mama yake, anamwambia ng'ombe wamerudi. Kisha akanyamaza, na uzito wake wote ukaniegemea.

Hospitalini walimpokea mlangoni kwa kitanda cha magurudumu. Alikuwa hajitambui tena, lakini vidole vilikuwa vimeushika mkanda wa mkoba, nesi anavikunjua kimoja kimoja vinarudi. Mwishowe wakaukata mkanda kwa mkasi. Nesi akanipa mkoba kwa mikono miwili, kwa heshima, akakimbilia kwa wenzake. Baadaye niliufungua. Mlikuwa na pasipoti, miwani, rozari, na karanga za kukaanga alizonifungia kutoka nyumbani akasahau kunipa.

Daktari alizungumza na Khalid muda mrefu. Khalid akaja kwangu akaniambia damu imejaa, wanampasua kichwa, tumwombe Mungu. Niliona amebakiza kitu. Nikamwambia, "Sema yote." Akasema daktari ameuliza kwa nini hakuletwa mara tu alipogongwa, maana kwa saa zile alikuwa bado wa kupona.

Mama alikufa asubuhi yake. Nilikuwa nimeshika mguu wake chini ya shuka. Ulikuwa bado una joto, nikawa naukanda, nikimwambia amka mama, amka tukamwone Ayi. Nesi akaniacha nikande.

Polisi waliniita kuangalia video ya kamera ya mtaani, maana walikuwa wamemshikilia kijana wa pikipiki na walitaka ndugu aone. Khalid alinisindikiza. Polisi mmoja, kijana tu, akageuza kompyuta upande wetu.

Mama anatoka mlangoni. Anaangalia kulia. Pikipiki inatokea kushoto, inamgusa nyonga, si kwa kasi sana, anaanguka, kichwa kinapiga ukingo wa saruji. Dereva anatupa pikipiki yake, chakula kinamwagika, anapiga magoti. Ayi anaacha machungwa anakuja mbio, mama mnene yule, ndara moja imemtoka. Anamshika Mama begani.

Na Mama anampiga. Amelala chini pale pale, anampiga Ayi kwa mkoba usoni. Ayi anarudi nyuma, anajishika shavu, anarudi tena, safari hii amekunja mikono kifuani kama anaomba. Mama anarusha teke. Watu wamesimama duara, mmoja ana chupa ya maji, mmoja ana mwavuli anamkinga jua. Mama anajikokota kwa matako kuwakimbia. Gari la wagonjwa linafika, jamani, lilifika! Wawili wenye nguo nyeupe wanachuchumaa, wanamwonyesha viganja vyao vitupu. Mama anatikisa kichwa. Anasimama kwa kujishika ukuta, anatoa kadi yake, anafungua mlango wa jengo letu, anaingia. Ayi anamfuata mbio, mlango unajifunga mbele ya pua yake. Anaupiga kwa ngumi. Anawaonyesha wale wa gari juu, kwenye madirisha yetu. Wanasubiri, wanapiga simu, wanasubiri, kisha wanaondoka. Polisi walipokuja, Ayi na dereva walikwenda nao kutoa maelezo, ndiyo maana nilikuta machungwa yamefunikwa.

Nilimwomba polisi arudishe mwanzo. Akarudisha. Nilitaka kuona kama kuna hata sehemu moja ambapo Mama anakubali. Hakuna.

Msiba tuliuweka chumbani kwangu wakati tunahangaikia kusafirisha mwili. Watanzania wa Xiaobei walijaa, wengine wamekaa sakafuni, wengine kwenye ngazi. Ayi alikuja na machungwa, shavu lina alama, akaniinamia, nikamkumbatia hadi akashindwa kupumua. Hakuna aliyemsogezea kiti, nikamsogezea mwenyewe. Baadaye mjomba Thadeo akapiga simu kutoka Kahama. Wakasema weka sauti kubwa tusikie sote.

"Loyce, mwanangu, tuambie kweli. Walimfanya nini dada yangu?"

Nikamwambia kweli yote. Nilimsimulia ile video kipande kwa kipande, Ayi, chupa ya maji, mwavuli, viganja vitupu. Nikamwambia, "Mjomba, hawakumgusa, kwa sababu alikataa kuguswa. Wangemgusa angekuwa hai." Nilisikia mjomba anapenga kamasi, analia, na nikamhurumia, maana alimpenda dada yake kweli. Nikadhani ameelewa.

"Kwa hiyo mkoba hawakuupata?" akauliza.

"Hawakuupata."

"Haya. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Dada yangu alikuwa jasiri, amewashinda."

Watu wakaguna kukubali. Mzee mmoja akasema kweli, mama yule alikuwa shupavu, wamezungukwa wangapi na kuachia. Mwanamke mwingine akamgeukia Joyness, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, mkoba mpya kifuani, akamwambia, "Umesikia, wewe mgeni? Hivyo ndivyo mtu anavyojilinda. Usikubali mtu akushike." Joyness akaitikia kwa kichwa, macho yamemtoka.

Nilisimama. Sijui niliwakanyaga wangapi. Nilimshika Joyness mabega nikamwambia, "Ukianguka mji huu waache wakushike! Wakushike mikono, wakushike miguu, wakufungue nguo. Mkoba uachie. Unanisikia? Uachie!" Nilikuwa namtikisa.

"Ndiyo dada," Joyness akasema. "Ndiyo dada."

Wanawake wakanitoa kwake taratibu. Wakanikalisha, mmoja akanipepea, mwingine akanipa maji. "Mwacheni alie," wakasema, "ni uchungu wa mama, hajui anachosema." Joyness alikuwa anaendelea kuniitikia kutoka mlangoni, ndiyo dada, ndiyo dada, na mikono yake yote miwili imeukumbatia mkoba.